Uso, Mpakano na Utando: Mabati ya Busia na Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili

Wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa methali hii kama onyo dhidi ya watu wenye sura njema na tabia mbovu, kisha akaipita. Ni nadra akumbuke kwamba kabla ya kuwa methali ya tabia, hii ni methali ya vitu. Inazungumzia uso wa kitu, kile kilichopakwa juu yake, na yale yanayotokea maji yanapoufikia uso huo. Kwa maneno mengine, ni methali ya fizikia.

Fizikia ya maada ina tawi zima linaloshughulikia mambo hayo: nyuso za vitu, mahali ambapo vitu viwili tofauti hukutana, na tabaka nyembamba zinazotandazwa juu ya vitu vingine. Si tawi la pembeni. Irving Langmuir alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1932 kwa uchunguzi wake wa nyuso. Herbert Kroemer na Zhores Alferov walipata ya fizikia mwaka 2000 kwa kazi yao juu ya vifaa vinavyoundwa kwa kupanga tabaka za maada mbalimbali. Na Gerhard Ertl alipata ya kemia mwaka 2007 kwa kuonyesha jinsi gesi zinavyotendana juu ya uso wa metali. Makala haya yanashikilia kwamba elimu hii inamhusu moja kwa moja mnunuzi wa bati katika soko la Busia na Malaba, kwamba anapata hasara kwa kukosa maneno yake, na kwamba sehemu kubwa ya lawama hiyo inawaangukia wasomi wa Kiswahili.

Ni vyema kwanza kueleza kiini cha elimu yenyewe. Atomu iliyo katikati ya kipande cha chuma imezungukwa na jirani pande zote. Kila jirani anaivuta, nayo imetulia. Atomu iliyo usoni ina jirani chini na ubavuni, lakini juu yake hamna kitu. Ni kama mtu ambaye mkono wake mmoja haujapata cha kushika. Mkono huo utashika chochote kipitacho: oksijeni, mvuke wa maji, chumvi. Ndiyo maana kutu huanzia usoni, wala haianzii moyoni mwa chuma. Ndiyo maana pia kitu kilekile huweza kuwa na tabia moja ndani na tabia nyingine kabisa nje. Pale ambapo kitu kimoja kinapakana na kingine, mambo huzidi kuwa ya ajabu. Katika mhadhara wake wa Nobel, Kroemer alieleza kwamba katika vifaa vya kielektroniki vya namna hiyo, mahali pa kukutania ndipo penye kazi. Pakiondolewa, kifaa hakipo.

Elimu hii haikuanzia katika maabara za gharama kubwa. Mwaka 1774 Benjamin Franklin alichapisha maelezo ya jinsi alivyomwaga kijiko kimoja cha chai cha mafuta katika ziwa dogo la Clapham, Uingereza, na kuona mawimbi yakitulia katika eneo la karibu nusu ekari. Mtu akigawanya ujazo wa kijiko hicho kwa ukubwa wa eneo hilo, atapata utando wa mafuta wenye unene wa nanomita mbili au tatu tu, yaani takriban urefu wa molekuli moja ya mafuta. Zaidi ya karne moja baadaye, Agnes Pockels, mwanamke wa Kijerumani ambaye hakupata elimu ya chuo kikuu, alifanya majaribio ya uso wa maji akitumia vyombo vya nyumbani. Mwaka 1891 alimwandikia Lord Rayleigh barua kwa Kijerumani. Barua hiyo ikatafsiriwa na kuchapishwa katika jarida la Nature. Pockels hakungoja kwanza ajifunze kufikiri kwa Kiingereza. Alitazama maji ya kuoshea vyombo, akayapima, na akayaandika kwa lugha ya nyumbani kwake.

Malaba inajulikana kwa reli, kwa mto ulioipa jina, na kwa foleni za malori yanayosubiri kuvuka kwenda Uganda. Mvua inaponyesha na dizeli ikadondokea dimbwini kando ya barabara, rangi za upinde wa mvua hutanda juu ya maji. Mtoto huzitazama na mtu mzima huziruka. Rangi hizo hazimo ndani ya dizeli. Mwanga mmoja huakisiwa na uso wa juu wa utando wa mafuta, na mwingine na uso wa chini unaopakana na maji. Miali hiyo miwili inapokutana tena, baadhi ya rangi huimarishana na nyingine hufutana. Jambo hilo huonekana kwa sababu unene wa utando unalingana na kipimo cha mawimbi ya mwanga, ambacho ni kati ya nanomita 400 na 700 hivi. Penye unene tofauti pana rangi tofauti. Ni maelezo ya sentensi chache tu, na hakuna sentensi hata moja kati ya hizo iliyoishinda lugha ya Kiswahili.

Suala la mabati lina uzito zaidi, kwa kuwa linagusa mfuko. Kaunti ya Busia inafika hadi Ziwa Viktoria, na mvua yake si haba. Mtu anayejenga huko hufika dukani na swali moja: ni geji ngapi? Swali hilo ni la msingi. Kadiri namba ya geji inavyokuwa kubwa ndivyo bati linavyokuwa jembamba, na bati la geji 30 lina unene wa takriban robo milimita. Hata hivyo, geji hueleza unene wa bati lenyewe. Haisemi lolote kuhusu kinga iliyopakwa juu ya chuma, ilhali kinga hiyo ndiyo huamua kama paa litashika kutu baada ya miaka michache au litadumu. Chuma huchovywa katika zinki, au katika mchanganyiko wa zinki na alumini, na kiasi cha mpako huo hupimwa kwa gramu kwa kila mita moja ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Bati lenye alama ya Z275 lina gramu 275 za zinki, sawa na unene wa takriban mikromita 20 kila upande. Lenye gramu 100 lina chini ya nusu ya hapo. Mabati hayo mawili yanaweza kuwa ya geji moja, na macho ya mnunuzi yasione tofauti. Huo ndio mkakasi wenyewe: tofauti itajulikana maji yakishafika.

Zinki ina sifa nyingine inayostahili kuelezwa kwa lugha ya watu. Hewa na maji vinapoigusa, hujenga juu yake utando wa kaboneti unaopunguza kasi ya kuliwa kwake. Bati likikwaruzwa na chuma kikawa wazi, zinki iliyo karibu huliwa kwanza na kukiokoa chuma. Alumini ya sufuria nayo hujivika utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu, nao hushikamana na metali na kuilinda. Kutu ya chuma ni kinyume chake: hubanduka vipande vipande na kuacha uso mpya wa kuliwa. Mama anayesugua sufuria jikoni na fundi anayeezeka juu ya paa wanaushuhudia ukweli huo kila siku. Wanachokosa ni maneno ya kuudai kutoka kwa muuzaji.

Paneli za sola hutoa mfano wa pili. Katika miaka ya 1990 na 2000, Kenya ilikuwa na soko kubwa la paneli ndogo zilizotengenezwa kwa utando mwembamba wa silikoni isiyo na mpangilio wa fuwele, wenye unene usiofika mikromita moja. Tangu mwaka 1977, Staebler na Wronski walikuwa wameonyesha kwamba mwanga wenyewe hupunguza nguvu ya utando huo mwanzoni, kisha hali hutulia. Hiyo ni tabia ya maada. Watafiti waliopima paneli zilizokuwa zikiuzwa nchini walikuta pia kwamba baadhi ya chapa zilitoa nguvu pungufu sana kuliko ilivyoandikwa. Huo ni upungufu wa mtengenezaji. Je, mnunuzi angewezaje kuyatofautisha mambo hayo mawili ikiwa hakuna aliyemweleza lolote kwa lugha anayoielewa? Aliyetapeliwa alidhani ndivyo sola zilivyo, na ambaye hakutapeliwa alidhani ametapeliwa.

La kusikitisha ni kwamba wataalamu wapo. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wanafizikia kama Bernard Aduda na Julius Mwabora wamefanya utafiti wa tando nyembamba kwa ajili ya seli za jua. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Nuru Mlyuka amechunguza tando za oksidi ya vanadi, ambazo hubadili namna zinavyopitisha joto la jua kulingana na halijoto. Matokeo ya utafiti wa aina hiyo huchapishwa kwa Kiingereza, na kwa hakika hayana budi, kwa maana wasomaji wake wametapakaa duniani. Lakini baada ya kuchapishwa hayarudi nyumbani. Hakuna anayeyapokea kwa Kiswahili, kwa sababu mwanafunzi wa Kiswahili amekwisha kujiaminisha kwamba fizikia si shamba lake.

Kuna watakaosema kwamba istilahi hazipo. Hoja hiyo haina mashiko. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Isitoshe, lugha ya kila siku ina hazina iliyo tele: uso, ngozi, ganda, gamba, tabaka, ukoko wa wali, malai ya maziwa, kutu, mpako, utando. Kila neno kati ya hayo limebeba tofauti ambayo mwanafizikia anaihitaji. Ukoko hushikamana na chungu, malai huelea, ganda humenywa, mpako huwekwa kwa mkono wa mtu, ilhali utando huweza kujitanda wenyewe. Kwa msingi huo, makala haya yanapendekeza maneno matatu yatumike kwa utaratibu: uso, kwa mahali kitu kinapoishia, utando, kwa tabaka jembamba lililotanda juu ya kitu, na mpakano, kwa mahali maada mbili zinapokutana. Neno mpaka lina kazi nyingi mno, ikiwamo ile ya kuonyesha kikomo cha wakati. Mpakano, kutokana na kitenzi kupakana, linabeba wazo la pande mbili zinazogusana, na hilo ndilo wazo linalotakiwa.

Wengine watadai kwamba Busia na Malaba si mahali pa kutafutia Kiswahili, kwa kuwa cha huko kimechanganyika na Kiluhya, Kiteso na Kiingereza. Hoja hiyo inasahau neno boda boda. Inasimuliwa kwamba lilizaliwa hapohapo Busia, kutokana na waendesha baiskeli waliowavusha abiria kati ya vituo viwili vya mpakani, na leo hii linatumika Afrika Mashariki nzima. Halikutungwa na kamati. Lilizaliwa na haja, pale ambapo lugha mbili na nchi mbili zinagusana. Fizikia haishangazwi na hilo: chuma kinapochovywa katika zinki iliyoyeyuka, hapo mpakanoni huzaliwa tabaka jembamba ambalo si chuma tupu wala si zinki tupu, nalo ndilo linaloushikilia mpako usibanduke. Yamkini istilahi bora za mafundi zimo katika tabaka kama hilo la lugha, na hakuna aliyekwenda kuzichukua.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani kwa azimio la mwaka 2021. Hadhi hizo ni mpako, na unene wa mpako hupimwa. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina uwezo wa kuupima: kuandaa safari moja ya utafiti mpakani, wakiandamana na wenzao wa fizikia, kuketi na mafundi wa kuezeka, wauza mabati na mafundi wa sola wa Busia na Malaba na kuyanakili maneno wanayoyatumia, na kutoa kijitabu cha kurasa chache kinachomweleza mnunuzi, kwa Kiswahili fasaha, maana ya alama zilizoandikwa kwenye bati na nyuma ya paneli. Chuo Kikuu cha Alupe, kilichopata hati yake mwaka 2022, kiko papo hapo kwenye barabara ya Busia kwenda Malaba, na kingefaa kuwa mwenyeji wa kazi hiyo.

Siku mnunuzi atakapouliza geji ngapi, kisha akaongeza swali la pili, mpako wake ni gramu ngapi, muuzaji atalazimika kuwa na jibu. Kumpa mnunuzi swali hilo ni kazi ya lugha, na kazi ya lugha ina wenyewe.