KIMYA CHETU SI RIDHAA

Ndugu wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita lilisemwa neno ambalo hatuwezi kuliacha lipite. Lilisemwa ati akina mama wa chama hiki hawataki uongozi. "Nafasi tumewapa, wenyewe wananyamaza." Sisi tunaokaa kwenye mikeka ya nyuma tunajibu hapa ubaoni, maana ubao hauzomewi.

Hivi jamani, kahawa inachumwa na nani? Inaanikwa na nani, inageuzwa juani na nani? Lakini kitabu cha chama kina jina la baba, na siku ya malipo anaitwa baba. Basi mkutanoni mama aseme kama nani?

Hatusemi kwa sababu tulishasema. Msimu uliopita mwenzetu mmoja alisimama akauliza mbona gunia lake likipimwa dukani lina kilo nyingi, likifika kwenye mizani ya chama linapungua. Sauti ikatoka mbele: "Kwani mumeo hayupo?" Watu wakacheka. Akakaa. Tangu siku hiyo hajasimama tena. Na si yeye peke yake aliyefundishwa, hata sisi tuliokuwa tumekaa naye tulifundishika. Mtu kabla ya kufungua mdomo hupima rohoni: nikisema nitasikilizwa, au nitaaibishwa mbele ya wakwe zangu? Akiona hasara imezidi faida, hunyamaza. Hiyo ni hesabu, wala si tabia ya kuzaliwa nayo.

Ushahidi upo. Mama huyo huyo ndiye mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na huko hakuna wa kumzungusha hata shilingi moja. Mdomo anao. Kinachobadilika ni baraza.

Wazee wetu walilijua hili. Mwaka 1955, TANU ilipotaka wanawake, Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma wa Dar es Salaam, hakungoja waje wenyewe mkutanoni. Alivifuata vikundi vya ngoma, mahali ambapo akina mama walikwisha kuzoeana na kuaminiana. Wakaingia kwa wingi. Walikuwa hawapendi siasa wale? Walikuwa hawajaitwa tu.

Na tusidhani ni mambo ya kwetu peke yetu. India walibadili katiba mwaka 1993, wakatenga thuluthi ya viti na ya uenyekiti wa mabaraza ya vijiji kwa wanawake. Huko West Bengal ilionekana kwamba kijiji kikiongozwa na mwanamke, wanawake wa kawaida nao husema zaidi mkutanoni, na maji ya kunywa hushughulikiwa zaidi. Mtu akimwona mwenzake ameshika usukani, ile hesabu ya rohoni inabadilika.

Lakini sharti ashike usukani kweli. Hapa kwetu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilitaka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe 7, na 3 kati yao wawe wanawake. Vizuri. Ila kupewa kiti si kupewa sauti. Tumeona mjumbe mwanamke akitumwa kuchemsha chai hoja zikiendelea. Akirudi na birika, muhtasari umeshaandikwa, anaonyeshwa pa kutia saini. Halafu mnasema amenyamaza!

Na sisi wenyewe tujiseme. Aliposimama yule mwenzetu, baadhi yetu tulicheka pamoja na wanaume. Wengine walimwita jike dume njiani. Kosa hilo ni letu, nasi tunaliacha leo.

Kwa hiyo tunataka haya katika mkutano ujao:

1. Mkutano uanze saa 8 mchana. Saa 3 asubuhi sisi tuko kisimani na shambani.
2. Mke anayelima aandikishwe kwa jina lake kitabuni.
3. Mwenyekiti amtoe nje mtu yeyote anayemzomea msemaji.
4. Chai ichemshwe kwa zamu, wajumbe wanaume wakiwamo.
5. Mizani iletwe mkutanoni, pamoja na jiwe la kupimia, tuione sote.

Ndugu zetu wanaume, msiogope. Mizani ikipunja, inapunja gunia la nyumba nzima. Yule mama aliuliza kwa niaba yenu pia, nanyi mkamcheka.

Safari hii tutasimama wote pamoja, tuone nani atacheka.

Sisi wa mikeka ya nyuma