Bunia inajaa watu, lakini mali yake inapita tu

Mtu aliyekimbia Bunia mwezi wa tano 2003, wakati risasi zililia mtaa kwa mtaa na wakaaji wakajirundika kando ya uwanja wa ndege, akirudi leo anaweza kupotea njia. Palipokuwa na majani pana nyumba. Kando ya Boulevard de la Libération maghorofa yamesimama, maduka ya simu yamepangana, na taksi-moto zinapita kwa wingi hata mtu wa miguu anasubiri kuvuka. Katika komine zote tatu za mji, yaani Mbunya, Nyakasanza na Shari, parsele moja inakatwa vipande viwili au vitatu, kwa sababu watu wanazidi na ardhi haiongezeki.

Wengi wakiona hayo wanasema: Bunia inaendelea. Lakini kuna tofauti kati ya mji unaojaa na mji unaoendelea. Mji unajaa pale watu na pesa wanapoingia. Unaendelea pale sehemu ya pesa hizo inapobaki na kugeuka kuwa kazi ya kudumu, umeme, maji na barabara. Kwa kipimo hicho, Bunia imejaa sana na imeendelea kidogo. Kama wakubwa wa mji na wafanyabiashara wake hawatashughulikia tofauti hiyo sasa, wakati pesa zingalipo, siku pesa zitakapohama watabaki na maghorofa matupu.

Mambo matatu yanayoujaza mji

La kwanza ni vita. Tangu mwisho wa 2017, mashambulizi ya CODECO na makundi mengine katika Djugu, halafu ya ADF katika Irumu na Mambasa, yameondoa watu vijijini. Kwa miaka ya karibuni Umoja wa Mataifa umehesabu zaidi ya wakimbizi wa ndani milioni moja katika jimbo la Ituri. Sehemu yao wako Bunia, wengine katika kambi ya Kigonze, wengine ndani ya familia zinazowapokea mitaani. Mkulima aliyekuwa akileta maharagi na viazi kutoka upande wa Fataki au Rethy, leo anasimama sokoni Bunia kununua maharagi hayo hayo. Mji umepata mlaji mmoja na kupoteza mkulima mmoja. Mwenye duka anaona wateja wameongezeka na kusema biashara inakua. Mama anayepika chakula cha watoto anaona bei ya kipimo kimoja cha maharagi na anajua hesabu nyingine.

La pili ni ofisi na misaada. Tangu Ituri ipate kuwa jimbo kamili mwaka wa 2015, ofisi nyingi za serikali zimefunguliwa mjini. Mashirika ya misaada nayo yamepanga nyumba kwa dola. Hiyo ni pesa ya kweli: inalipa walinzi, madereva, wapishi na wenye nyumba. Lakini misaada inafuata mateso, na inategemea nia ya watu walio mbali. Mwaka wa 2025, Marekani ilipofunga shirika lake la USAID, kazi nyingi za misaada mashariki mwa Kongo zilipungua au zilisimama. Wenye nyumba waliozoea kodi ya dola wanaelewa sasa kwamba mpangaji wa namna hiyo anaweza kuondoka kwa barua moja tu.

La tatu ni dhahabu. Mongbwalu iko karibu kilomita 80 kutoka Bunia, na dhahabu ya upande ule inajulikana tangu 1903. Kampuni ya Kilo-Moto, ambayo leo inaitwa SOKIMO, iliichimba tangu wakati wa Wabelgiji. Siku hizi kazi kubwa inafanywa na vijana wenye sururu, beleshi na karai. Mwaka wa 2025 bei ya wakia moja ya dhahabu ilipita dola 3,000 katika soko la dunia, kisha ikapita 4,000. Pesa hiyo inaonekana Bunia. Mchimbaji anaingia na gramu zake mfukoni, anatoka na pikipiki, mabati na simenti.

Basi, mambo yote matatu yanaleta watu au pesa, na hakuna hata moja ambalo mji wenyewe unalishika mkononi. Vita vikiisha, wakimbizi watarudi kwao, na wanapaswa kurudi. Misaada inapungua. Bei ya dhahabu iliwahi kuanguka zamani na inaweza kuanguka tena.

Dhahabu inatoka, sabuni inaingia

Tazama safari ya gramu moja. Inatoka shimoni, inanunuliwa na mfanyabiashara mdogo kijijini, inafika Bunia kwa mnunuzi mkubwa zaidi, kisha mara nyingi inavuka kwenda Uganda bila kuandikwa popote. Kutoka huko inapanda ndege kwenda Dubai. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika habari hizi mwaka baada ya mwaka. Uganda inauza nje dhahabu ya mabilioni ya dola kwa mwaka, ingawa migodi yake yenyewe haiwezi kutoa kiasi hicho.

Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka wa 2018 inasema malipo ya mrabaha yagawanywe hivi: asilimia 50 kwa serikali ya taifa, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo linalochimbwa na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ni mgawanyo mzuri kwenye karatasi. Lakini robo ya kitu kisichoandikwa ni sifuri. Jimbo linalokanyaga dhahabu linabaki kutafuta pesa za kujaza mashimo ya barabara.

Mara nyingi lawama zote zinatupwa kwa mfanyabiashara anayevusha mali usiku. Analo kosa lake. Hata hivyo, mtu anayetaka kufuata sheria anakutana na ofisi nyingi, kila moja ikidai karatasi yake na malipo yake, na mwishoni anajikuta amelipa zaidi kuliko jirani aliyepita porini. Njia halali ikiwa ghali kuliko njia ya magendo, askari hawatatosha kuilinda mipaka ya Aru, Mahagi na Ziwa Albert. Serikali ingeanza kwa kupunguza milango ya malipo: karatasi moja, ofisi moja, kiwango kinachojulikana.

Na pesa inayorudi kutokana na dhahabu hiyo inanunua nini? Inanunua simenti, sukari, sabuni na bia kutoka ng'ambo ya mpaka. Kongo iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022, na soko kubwa hilo ni jambo la kheri kwa mwenye kitu cha kuuza. Kwa Bunia, kwa sasa, linafanana zaidi na mlango wa kuingiza.

Kazi inayokosekana

Ituri si maskini wa mali nyingine. Samaki wa Ziwa Albert wanafika kutoka Tchomia na Kasenyi. Kakao inatoka Mambasa na Irumu, kahawa inatoka Mahagi na Djugu. Kuna ng'ombe katika nyika zinazouzunguka mji, kuna mbao za msitu. Lakini kakao inaondoka ikiwa mbegu kavu, mbao zinaondoka zikiwa mbao, na samaki lazima auzwe siku hiyo hiyo, akaushwe au aharibike, kwa sababu mwenye samaki hana umeme wa kutosha wa kumgandisha.

Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Kituo cha umeme cha Budana, kwenye mto Shari, kilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya migodi ya dhahabu. Zaidi ya miaka sitini baada ya uhuru, mji wenye chuo kikuu cha serikali na vyuo vingine bado unategemea sana jenereta na sola. Fundi wa kuchomelea anayelipa esanse kabla hajapata mteja hawezi kuajiri vijana wawili. Mwenye mashine ya kusaga anapandisha bei ya unga. Kijana aliyemaliza masomo anakopa pikipiki na kuwa dereva wa taksi-moto, si kwa sababu ndiyo kazi aliyoisomea, bali kwa sababu ndiyo kazi isiyohitaji umeme wa mji.

Barabara nayo inasema hayo hayo. Barabara ya kitaifa nambari 27, inayotoka Komanda kupitia Bunia hadi Mahagi, ndiyo uti wa mgongo wa jimbo. Kila kizuizi juu yake, kiwe cha kundi la silaha au cha watu wenye sare, kinaongezwa kwenye bei ya kitunguu. Mwaka wa 2021, Marais Tshisekedi na Museveni walizindua kazi ya kutengeneza kilomita 223 za barabara kati ya nchi zao na mashariki mwa Kongo. Kilomita hizo zote ziko Kivu ya Kaskazini. Wabunge wa Ituri walioko Kinshasa wanapaswa kuulizwa kila wanaporudi kwa wapiga kura: na ya Bunia je?

"Amani kwanza"

Wapo wanaosema kwamba maneno yote haya ni ya bure mpaka vita viishe. Hoja yao ina uzito. Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi, ule unaoitwa "état de siège", tangu tarehe 6 Mei 2021. Jeshi la Uganda liliingia nchini mwezi wa kumi na moja mwaka huo kupigana na ADF, na mwezi wa pili 2025 askari wake waliingia hata mjini Bunia. Hata hivyo watu wanaendelea kuuawa vijijini. Hakuna kiwanda kitakachojengwa kwenye barabara inayoogopwa.

Lakini amani na kazi havifuatani kama siku na usiku, vinakwenda pamoja. Shimo la dhahabu na kizuizi cha barabarani ndivyo vinavyolisha makundi ya silaha, na kijana asiye na kazi ndiye anayechukuliwa kwanza. Tena yapo mambo yasiyohitaji kusubiri hata risasi ya mwisho. Butembo ni mfano walio nao karibu. Katika miaka ambayo serikali haikuonekana, wafanyabiashara wa mji ule walichangishana, wakatengeneza barabara na kujenga mji, vita vikiwa kando yao. Butembo haikuwa na dhahabu nyingi kuliko Ituri. Ilikuwa na wafanyabiashara waliokubali kwamba barabara mbovu ni hasara ya wote.

Waanze na daftari

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Sheria ya mwaka wa 2008 inaupa mji na komine zake haki ya kuwa na bajeti yao. Mama anayepanga nyanya zake chini anatoa franka za kodi ya soko. Mwenye taksi-moto anatoa zake. Mwenye duka anatoa zake, mara nyingine kwa ofisi zaidi ya moja kwa jina lile lile. Jumla ya pesa hizo kwa mwezi ni ngapi, na zimetengeneza mtaro gani? Mlipaji hana haja ya kuomba ruhusa ili aulize hivyo.

Kwa hiyo komine ya Mbunya inaweza kuwa ya kwanza kubandika kwenye ukuta wa ofisi yake, kila baada ya miezi mitatu, karatasi moja yenye mistari miwili: tulichokusanya, na tulichofanya. Hilo halihitaji mfadhili wala mkopo. Tarehe 20 Desemba 2023 wakaaji wa miji mikuu ya majimbo walipiga kura kuchagua washauri wa komine. Hata kama utawala wa kijeshi umeweka watu wenye sare kwenye viti vya mji, washauri hao wanayo sababu ya kuomba karatasi hiyo, na waliowachagua wanayo sababu ya kuwauliza wao.

Hatua ya pili ni ya wenye pesa. Wanunuzi wa dhahabu, waagizaji wa mali na chama chao FEC wanaweza kukubaliana na jimbo juu ya mfuko mmoja wa umeme na barabara, wenye wafanyabiashara ndani ya kamati ya kuusimamia na hesabu zinazosomwa redioni. Wanatumia pesa nyingi kwa jenereta, walinzi na magari yanayovunjika. Sehemu ya hasara hiyo ingeweza kugeuka kuwa mtaji.

Hatua ya tatu iko Kinshasa. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo. Haijawahi kufuatwa kikamilifu. Lakini jimbo lenye daftari safi lina nguvu zaidi ya kudai haki yake kuliko jimbo linalodai gizani.

Baada ya miaka kumi, Bunia isipimwe kwa idadi ya maghorofa. Ipimwe kwa maswali madogo: je, fundi wa kuchomelea anawasha mashine yake asubuhi bila jenereta? Je, kakao ya Mambasa inapata kazi mjini kabla ya kuvuka mpaka? Na yule mkulima wa Rethy, je, amerudi shambani kwake, akawa anashuka Bunia kuuza, wala si kununua? Majibu yake yanaanza kuandikwa leo, kwenye karatasi ile ya ukuta wa komine.