Radhi Huombwa kwa Nani?



Imekuwa desturi ya siku hizi: mtu mashuhuri hutamka neno la kuwadhalilisha wenzake, watu hughadhibika siku tatu au nne, naye hujitokeza kuomba radhi "kama yupo aliyekwazika". Kisha twaambiwa kwamba yamekwisha. Sisi hatukubali kuwa yamekwisha, na yatupasa kueleza sababu.

Mwezi Machi 2021, jijini Nairobi, watangazaji watatu wa Homeboyz Radio, miongoni mwao Shaffie Weru, walizungumza katika kipindi cha asubuhi habari za mwanamke aliyesema kuwa alisukumwa na mwanamume kutoka ghorofa ya 12. Mwanamke huyo alikuwa hai, akiuguza majeraha, nao wakamtwika yeye lawama, eti wanawake hujirahisisha mno kwa wanaume. Wananchi walikasirika, na hasira yao ilikuwa ya haki. Kampuni ya bia ya EABL ikasitisha matangazo yake. Watangazaji wakaachishwa kazi. Mamlaka ya Mawasiliano ikakifungia kipindi kwa miezi sita na kukitoza kituo faini ya shilingi milioni moja za Kenya. Radhi nazo ziliombwa. Lakini faini ile ilikuwa ya Mamlaka, haikuwa ya kumtibu majeruhi. Kila mwenye nguvu alipata chake: mfadhili alilinda jina lake, kituo kikajinasua, Serikali ikaonyesha ukali. Aliyeumizwa alibaki kuwa habari ya asubuhi.

Hapa kwetu Tanzania radhi hujua njia moja tu, nayo ni ile ya kupanda. Mwaka 2019 Profesa Mussa Assad, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, aliitwa na Spika Job Ndugai kujieleza kwa sababu ya neno "udhaifu" alilolitumia juu ya Bunge, na mwezi Aprili Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Haikupita miaka mitatu, zamu ikawa ya Spika mwenyewe. Mwishoni mwa Desemba 2021 alionya kwamba kwa mikopo hii iko siku nchi itapigwa mnada. Tarehe 3 Januari 2022 alimwomba Rais radhi. Tarehe 6 akajiuzulu. Sasa tuulize bila woga: je, swali juu ya deni la taifa ni tusi? Nani alijeruhiwa utu wake kwa swali hilo? Ilhali mwezi Agosti 2021, Rais alipowasema hadharani wasichana wetu wachezaji wa mpira kuwa vifua vyao ni bapa hata mtu aweza kuwadhania wanaume, hatukusikia wasichana hao wakiombwa radhi. Mkubwa akiguswa, hata kwa hoja, huombwa msamaha. Mdogo akidhalilishwa mwili wake, huambiwa ulikuwa utani.

Mama Kanisa hatufundishi hivyo. Katika Sakramenti ya Kitubio mwamini hudaiwa majuto, maungamo na malipizi. Hakuna aungamaye akasema, "Padre, kama nimekosa." Naye Zakayo hakutafuta maneno matamu, alihesabu mali na kutaja watakaorudishiwa, mara nne.

Sisi wa Songea tumeona mfano mmoja ambao haufai kusahauliwa. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapa, penye makumbusho ya mashujaa wa Majimaji, akakutana na wazao wa Nduna Songea Mbano aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatenda babu zetu. Hakusema "kama". Alikuja mwenyewe mahali penye kaburi, mbele ya wenye msiba. Ni kweli ilichukua miaka 117, na kichwa cha Nduna, ambacho familia inaamini kilipelekwa Ujerumani, kiliahidiwa kutafutwa tu. Malipizi basi bado yanadaiwa, wala tusione haya kuyadai. Lakini radhi ile ilishuka, haikupanda.

Tusije tukawacheka watangazaji na wanasiasa. Katika parokia zetu mwenyekiti humfokea mjane mbele ya jumuiya nzima, kisha huja ofisini kwa Paroko jioni kuomba samahani. Kwa Paroko! Nasi mapadre, mara ngapi tumewasema mimbarini mabinti waliozaa nje ya ndoa, hata kila mtu kanisani akageuka kumtazama mmoja wao, ameketi benchi la nyuma na mtoto mgongoni? Wengine kati yao hawajarudi kanisani tangu siku hiyo. Nyumba zao twazijua, wala si mbali, na hakuna aliyetukataza kwenda kubisha hodi.