Kibarua Bila Barua

Neno kibarua lina historia ambayo wanafunzi wa isimu huisoma na kuisahau upesi. Katika pwani ya karne ya 19, mfanyakazi wa kutwa alipewa kibarua, yaani kipande cha karatasi kilichoshuhudia kazi yake. Jina la karatasi likahamia kwenye kazi, kisha likamshika mtu mwenyewe.

Siku hizi jina limebaki, karatasi imetoweka. Kila alfajiri wanawake hutoka Kibera na kuingia katika majengo ya ghorofa ya Nyayo Highrise yaliyo jirani. Baadhi ni mama fua, wengine ni yaya na watumishi wa nyumbani wa kila siku. Aghalabu mkataba wao ni maneno machache yaliyosemwa mlangoni, na notisi ya kuachishwa kazi ni fupi zaidi: "Mama, kesho usije."

Hayo siyo yasemwayo na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Kifungu cha 9 kinataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uandikwe, na jukumu la kuuandaa ni la mwajiri. Kwa mujibu wa kifungu cha 35, anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku 28, tena kwa maandishi. Hata kibarua hakuachwa nje: kifungu cha 37 kinampa haki ya notisi hiyo iwapo siku alizofanya kazi mfululizo zimetimia mwezi mmoja.

Linalopaswa kumgusa mwanafunzi wa Kiswahili ni sharti lililofichama humo. Asiyeelewa lugha ya mkataba, au ya notisi, lazima aelezwe kwa lugha anayoielewa. Sheria haikuitaja lugha yenyewe, ila katika ngazi za Nyayo Highrise lugha hiyo kwa kawaida ni Kiswahili. Tatizo ni kwamba mwenye kueleza ni yule yule mwenye kufukuza, na ndiye aamuaye kama ameeleweka.

Mshahara nao una kisa kama hicho. Nyongeza ya asilimia 6 iliyotangazwa tarehe 1 Mei 2024 ilianza kutumika kisheria tarehe 1 Novemba mwaka huo, na kima cha chini cha ngazi ya mwisho jijini Nairobi kikawa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, mbali na posho ya nyumba. Ngazi hiyo inamjumuisha mtumishi wa nyumbani na mlezi wa watoto, ambaye agizo linamwita ayah, neno la Kireno lililopitia Bara Hindi. Ajabu ni kwamba yaya mwenyewe hawezi kujitambua humo, kwa kuwa agizo limeandikwa kwa Kiingereza, ilhali Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi.

Yamkini mwajiri atateta kwamba naye ni mtu wa mshahara, mwenye kodi ya nyumba na karo. Hoja hiyo ina uzito kuhusu kima cha mshahara. Kuhusu notisi haina, kwani kumwarifu mtu mapema hakugharimu chochote. Ni kweli pia kwamba tafsiri pekee haitamlinda anayedai haki yake huku mwenzake akisubiri nafasi hiyo langoni. Hata hivyo, asiyeijua haki hawezi hata kuanza kuidai.

Vyama vya Kiswahili vyuoni, ambavyo havichoki kujadili usanifishaji wa istilahi, vina kazi hapa. Vianze na neno lenyewe. Ilani ni neno zuri, lakini kwa Wakenya wengi linaleta picha ya vyama vya siasa. Notisi inaeleweka kote Kibera, maana hata mwenye nyumba huitumia kumhamisha mpangaji. Basi iwe notisi. Karatasi yenyewe haina haja ya kuzidi ukurasa mmoja: upande huu vifungu hivyo kwa Kiswahili chepesi, upande wa pili nafasi za majina, tarehe ya kuanza kazi, mshahara na sahihi mbili.