Mrile Hakuota: Utetezi wa Ngano Fupi

Pana wasomi miongoni mwetu ambao, wakisikia kwamba fulani ametunga hadithi ya maneno mia tatu, na kwamba ndani yake mti umesema au mlima umepigwa kwa mchi, hutabasamu kama mtu mzima atabasamuvyo mbele ya mtoto aliyepika mchanga katika kopo. Hawamtukani mtungaji. Humsifu kwa upole ya kuwa amejaribu, kisha humwuliza riwaya yake itatoka lini. Swali hilo nimeulizwa mara nyingi hapa Moshi, shuleni, sokoni na hata nje ya kanisa baada ya ibada, na kila mara nimecheka nikapita. Leo sicheki. Nataka kulijibu.

Neno langu ni hili. Ngano fupi ya ajabu, ipelekwayo kwenye mkusanyo wenye mada moja ikakaa pamoja na ngano za watungaji wengine, ni kazi halali ya fasihi, wala si mazoezi ya kungojea kazi nyingine. Tena nasema kwamba adui yake mkubwa si yule anayeidharau. Adui yake ni sisi tunaoitunga, tunapokubali kuinyang'anya ajabu yake ili ipate kuchapishwa. Katika kosa hilo la pili mimi mwenyewe nina hatia, nami nitaieleza mahali pake.

Nianze na ufupi, kwa kuwa ndio unaochekwa kwanza. Wachagga husimulia kwamba Kibo na Mawenzi walikuwa majirani. Moto wa Mawenzi ulizimika, akaenda kwa Kibo kuomba kaa, akapewa. Akarudi kwake, moto ukazimika tena, akaenda tena. Alipokuja mara nyingine Kibo alishikwa na hasira, akatwaa mchi akampiga. Na mapigo yale ndiyo yaliyomwacha Mawenzi amechongoka na kumeguka hata leo. Hadithi hiyo yote yaweza kusimuliwa kabla ndizi za chakula cha jioni hazijamalizika kumenywa. Walakini tazama yaliyomo. Imo sababu ya sura ya mlima ambao kilele kimoja kina mita 5,895 na kingine mita 5,149. Imo desturi ya ujirani, maana moto ulikuwa kitu cha kuombana. Limo pia swali ambalo halikujibiwa: ni yupi mwenye kosa, mvivu asiyelinda moto wake, au mwenye moto mwingi aliyempiga jirani kwa ajili ya kaa moja? Mwandishi wa riwaya angetumia kurasa mia mbili kulijibu, na huenda angekosea. Ngano imelitaja ikanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kunakomkosesha mtoto usingizi.

Watu wa mbali nao wamelijua jambo hilo. Mwaka 1959 Augusto Monterroso, mwandishi wa Guatemala, alitoa katika kitabu hadithi ya dinosau yenye maneno saba tu kwa lugha ya Kihispania, nayo inasomwa na kujadiliwa mpaka sasa. Sisi tuliolelewa katika lugha ya methali na vitendawili twawezaje kuona haya kwa ufupi? Mtu asemaye kwamba kila kilicho kifupi ni hafifu, na atwae rula akapime kitendawili.

Nije kwenye ajabu. "Ajabu si kweli," husema wakosoaji wetu, "na nchi yenye shida nyingi ina haja ya kweli." Naam, ina haja. Lakini na tukumbuke kisa cha theluji. Mwezi wa Mei mwaka 1848 Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, aliuona weupe juu ya Kilimanjaro, akaandika kwamba ni theluji. Huko Uingereza mtaalamu wa jiografia William Desborough Cooley, ambaye hakupata kuuona mlima huu kwa macho yake, alikana. Mlima wenye theluji karibu na Ikweta ulikuwa kwake ndoto ya msafiri. Ubishi uliendelea miaka mingi, hata Baroni Carl Claus von der Decken alipopanda sehemu za mlima mwaka 1861 na tena mwaka 1862, akathibitisha. Wenyeji hawakuhitaji uthibitisho huo. Rebmann alikwisha kusimuliwa habari za watu waliotumwa na Mangi Rengua wa Machame kwenda kuutazama weupe ule, na jinsi safari yao ilivyoishia katika vifo na viungo vilivyoharibika. Kwa msikilizaji wa nchi ya joto habari hiyo ilikuwa kama ya mizimu. Leo daktari yeyote angetambua kwamba ni kazi ya baridi kali.

Sisemi kwa hoja hii kwamba milima hupigana. Theluji ni kweli ya macho, na ngano ina kweli ya namna nyingine. Nasema tu kwamba neno "haiwezekani" mara nyingi hupima upeo wa msemaji kuliko upeo wa dunia. Ama kweli ya ngano, mfano wake upo karibu. Katika "Tumbo Lisiloshiba", hadithi ya Said Ahmed Mohamed, jitu linaingia katika mkahawa wa maskini likala chakula chote kilichopikwa kwa ajili ya watu wote, tena likaahidi kurudi. Hakuna mtu aliyekutana na jitu hilo barabarani. Lakini kila mtu ambaye kiwanja chake kimemezwa na wenye nguvu hulitambua mara moja. Ripoti ya tume ingetaja idadi ya ekari, ikawekwa kabatini. Hadithi imetaja tumbo, na msomaji hawezi kulisahau.

Tatu, husemwa kwamba mkusanyo wenye mada humfunga mtungaji kamba: aambiwa aandike juu ya maji, au juu ya safari, naye pengine moyo wake uko kwenye mapenzi. Hoja hii ina nguvu kidogo kuliko zile mbili, lakini haitoshi. Bibi zetu hawakujichagulia mada. Mada ilichaguliwa na mtoto aliyeiba maziwa mchana ule, au na mvua iliyokataa kunyesha. Malenga walioandika katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, walitupiana mafumbo na kujibizana kutoka pembe mbalimbali za nchi, na kujibizana maana yake ni kuikubali mada ya mwenzio na kumshinda ndani yake. Kwa zamani zetu hizi, kundi la waandishi liitwalo Jalada, lililoanzia Nairobi, lilitoa mwaka 2015 mkusanyo juu ya Afrika ya siku zijazo; na mwaka 2016 likatoa toleo la tafsiri ambalo kiini chake kilikuwa ngano fupi ya Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025. Ngano hiyo aliitunga kwa Kikuyu, nayo yasimulia jinsi viungo vya mwili vilivyoshindana, hata binadamu akaanza kutembea wima. Ilitoka pamoja na tafsiri za lugha zaidi ya thelathini. Mzee yule alikuwa na riwaya kubwa nyuma yake, hakuwa na la kumthibitishia mtu, naye hakuona haya kuleta ngano ya mikono na miguu.

Basi wanaotudharau nimewajibu. Sasa niungame.

Miaka kadhaa iliyopita ilitangazwa kwamba wahitajiwa watungaji wa hadithi zisizozidi maneno mia tano, mada ikiwa ni watoto. Nikapeleka ngano ya Mrile, ambayo bibi yangu alinisimulia nyumbani kwetu Old Moshi, na ambayo Wachagga wengi wanaijua. Mrile alikwenda na mama yake kuchimba magimbi. Akaona gimbi moja zuri kama mdogo wake mchanga, akalificha katika tundu la mti, nalo likageuka mtoto. Kila siku alimpelekea chakula chake mwenyewe, hata akakonda. Mama alipopeleleza akamkuta mtoto yule, akamwua. Mrile akalia, kisha akaketi juu ya kigoda cha baba yake, kigoda kikapaa naye, akaenda zake mpaka nchi ya Mwezi, akawakuta watu wanaokula vyakula vibichi, akawafundisha kuwasha moto. Mimi niliitia ngano hiyo katika nyumba ya siku hizi, mama akiwa mchuuzi wa mitumba mjini, lakini gimbi na kigoda niliviacha kama vilivyokuwa.

Mhariri aliipenda. Akaniandikia kwa adabu kwamba kitabu kitasomwa shuleni, na kwamba mwalimu hataweza kueleza kigoda kinachopaa. Je, nisingeweza kuongeza mwishoni kwamba kijana alizinduka, kumbe alikuwa akiota? Ilikuwa sentensi moja. Nikaiongeza. Kitabu kikatoka na jina langu likiwamo, nikakichukua nikapanda nacho kwa bibi, nikamsomea barazani. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akaniuliza, "Kumbe Mrile hakwenda?"

Nikasema, "Bibi, ni namna ya kuandika tu."

Akasema, "Basi hata yule mtoto hakuuawa. Na mama hakufanya kitu."

Sikuwa na jibu. Bibi alifariki mwaka uliofuata, nami sikupata kumsomea nyingine.

Msomaji, yafikiri maneno ya kikongwe yule, maana yana ukosoaji mwingi kuliko barua yote ya mhariri wangu. Ile sentensi ya ndoto niliidhani ni kifuniko kidogo cha kuituliza akili ya mwalimu. Kumbe iliifuta hatia. Mtoto wa gimbi akiwa wa ndoto, kifo chake ni cha ndoto, na kilio cha Mrile ni kelele za mtu aliyelala vibaya. Ajabu ndiyo iliyokuwa ikiubeba msiba. Nilipoiondoa, msiba ulianguka. Ndivyo ilivyo pia kwa funzo la kubandikwa mwishoni, lile la "basi watoto, msiwe wachoyo". Ngano ya Mawenzi ikimalizwa kwa funzo kwamba uvivu ni mbaya, Kibo amesamehewa pigo lake, na lile swali zuri limezikwa.

Kwa hiyo siwalaumu wahariri peke yao. Najua wanakoelekea: vitabu vingi vya hadithi fupi kwa Kiswahili hupata wanunuzi shuleni, na shule hutaka dhamira, wahusika na maswali ya mtihani. Tazama hata majina ya mikusanyo yetu: Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine, Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine. Vitabu ni vyema, lakini desturi ya jina ni mbaya. Mtungaji mmoja hutajwa, na wenzake wote huwa "nyingine". Mkusanyo wenye mada ungeweza kuitwa kwa mada yake, wote wakakaa chini ya paa moja sawasawa, kama viti vya kilabu cha mbege ambavyo havina cha mbele wala cha nyuma.

Lipo pia jambo la lugha. Bruno Gutmann, mmisionari aliyekaa miaka mingi Old Moshi, alichapisha mwaka 1914 kitabu kikubwa cha ngano za Wachagga. Twamshukuru kwa kazi hiyo. Lakini kitabu kilikuwa kwa Kijerumani, na mjukuu wa msimulizi hakuweza kukisoma. Mwaka 1947 Mangi Petro Itosi Marealle alitoa Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, naye akakiandika kwa Kiswahili, ili mtu wa Marangu na mtu wa Tanga wakisome bila mkalimani. Leo vijana wetu hodari huandika ngano za mlima kwa Kiingereza, kwa mikusanyo ya ng'ambo, kwa sababu huko kuna malipo. Siwakatazi kula. Nawaomba tu kwamba kila ngano wanayoipeleka ng'ambo, nakala yake ya Kiswahili isikose kubaki hapa, na haki yake ibaki mkononi mwao kwa maandishi. Gutmann alikuwa mgeni, na lugha yake ilikuwa ile. Sisi tutatoa udhuru gani?

Nayadai mambo matatu, na si makubwa. Mhariri anayetangaza mada na aseme tangu mwanzo kama anakubali ajabu au haikubali, ili mtu asijikute anakata kiungo cha ngano yake baada ya kukubaliwa. Mchapishaji na ampe kila mtungaji mkataba na malipo, hata yakiwa madogo, maana ufupi wa hadithi haupunguzi umiliki wake. Na mtungaji, ambaye ndiye ninayemwogopa zaidi kwa kuwa ninamjua, na ajifunze kusema hapana. Sentensi moja yaweza kukataliwa. Kurasa za kitabu hazitapasuka.

Ama lile swali la riwaya yangu, jibu ni kwamba haiji. Nimeandika upya ngano ya Mrile, maneno mia nne na kumi, na sentensi ya ndoto haimo. Mhariri atakayeipenda na aichukue hivyo ilivyo. Asiyeipenda na anirudishie, nitaisoma mwenyewe barazani kwa bibi, ingawa kigoda chake sasa hakina mtu.