Udaktari Usiwe Kilemba cha Ukoka

Kila mwaka, wakati vyuo vikuu vinapotangaza nafasi za masomo ya juu, swali moja husikika katika ofisi za Serikali na katika vyumba vya walimu: je, nami nikasomee udaktari wa biashara? Aghalabu muulizaji ni mtu mwenye shahada ya pili katika biashara au uongozi, amekwisha kutumikia miaka kumi au zaidi, ana watoto shuleni, na ameanza kuwasikia wenzake wakiitwa "Daktari" mikutanoni.

Mwandishi wa makala haya ni mmoja wao. Fomu ya maombi nimeijaza, nikaiweka katika mtoto wa meza, nikaitoa mara mbili na kuirudisha. Kilichonizuia si karo peke yake. Kila nilipofika mahali panapouliza nataka kutafiti jambo gani, kalamu ilisita. Nilijua cheo ninachokitaka. Swali ninalotaka kulijibu sikulijua.

Hapo ndipo penye kiini cha shauri hili. Shahada ya kwanza humfundisha mtu yale yanayojulikana. Shahada ya pili ya biashara humpa uwezo wa kuyatumia katika kuongoza watu, fedha na mipango. Udaktari ni kitu kingine kabisa. Humtaka mtu atafute jambo lisilojulikana bado, alithibitishe, aliandike katika tasnifu, kisha alitetee mbele ya wajuzi. Kwa hiyo mtu anayesema, "Nakwenda kusomea udaktari ili niwe meneja bora," amekosea njia. Udaktari ni mafunzo ya utafiti, na mtafiti hodari si lazima awe meneja hodari.

Historia yetu inatufundisha utaratibu ulio sahihi. Chuo cha Elimu ya Biashara kilianzishwa mwaka 1965. Baada ya Azimio la Arusha na kutaifishwa kwa mabenki mwaka 1967, Taifa lilijikuta na mashirika mengi na wataalamu wachache wa kuyaendesha. Mwaka 1972 kikaanzishwa Chuo cha Usimamizi wa Fedha, na pia Chuo cha Uongozi wa Maendeleo cha Mzumbe, ambacho tangu mwaka 2001 ni chuo kikuu. Mwaka huo huo wa 1972 ilipitishwa sheria ya kuwasajili wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Mwaka 1979 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikapata kitivo cha biashara na uongozi, ambacho leo ni Shule Kuu ya Biashara. Katika hatua zote hizo kazi ilitangulia, na cheti kikafuata ili kuitumikia kazi.

Basi, ni nani anayehitaji udaktari wa biashara? Wa kwanza ni yule anayetaka kufundisha katika chuo kikuu. Huyu hana budi, kwa maana mwenye shahada ya pili huanza akiwa mhadhiri msaidizi, na hawezi kupanda hadi ngazi ya mhadhiri bila udaktari. Wa pili ni mtu ambaye kazi yake ya kila siku imemkabidhi swali zito ambalo shahada ya pili imeshindwa kulijibu.

Tuchukue mfano. Sheria ya stakabadhi ghalani ilipitishwa mwaka 2005, na utaratibu huo ukaanza kutumika katika zao la korosho msimu wa 2007/2008. Mkulima hupeleka korosho katika chama chake cha msingi cha ushirika. Korosho hufikishwa ghalani, huuzwa kwa mnada, kisha mkulima hulipwa. Sasa tuseme kuna vyama viwili jirani vilivyouza katika mnada mmoja na kwa bei moja. Wanachama wa kimoja wamelipwa mapema. Wa kingine wangali wakingoja, karatasi mkononi, na ada za shule zimekaribia. Tofauti imetoka wapi? Ni hesabu? Ni uongozi? Ni uaminifu? Au ni makato yasiyoeleweka? Afisa ushirika anayelikuta swali kama hili msimu baada ya msimu, na kukosa usingizi kwa ajili yake, anayo sababu ya kwenda kusoma. Akirudi na jibu, hata mkulima asiyejua maana ya tasnifu atafaidika nalo.

Lakini mtumishi anayetaka kupandishwa cheo tu, yafaa kwanza ausome muundo wa utumishi wa kada yake. Huenda akakuta kwamba kinachotakiwa ni sifa za kitaaluma, kama zile za uhasibu au ununuzi, pamoja na utendaji kazi uliopimwa. Mwalimu wa sekondari anayefundisha biashara naye ajiulize iwapo wanafunzi wake watanufaika zaidi na tasnifu yake, au na kitabu kizuri cha kiada ambacho angekiandika kwa muda ule ule.

Na muda huo si mdogo. Masomo haya huchukua miaka mitatu kwa uchache, na anayesoma huku akifanya kazi mara nyingi huhitaji zaidi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi hatuogopi kuinama. Ila tujue kwanza kilichomo mvunguni. Nyumbani mke au mume ataubeba mzigo peke yake. Ofisini mafaili yatamwangukia mwenzako. Ikiwa karo italipwa kwa fedha za umma, mlipaji ni yule yule mkulima anayengoja malipo yake.

Mwalimu Nyerere alipata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952, na baadaye vyuo vikuu vingi vilimtunuku udaktari wa heshima. Hata hivyo, wananchi walimwita Mwalimu, jina la kazi aliyoifanya, na heshima yake haikupungua hata chembe.

Sisemi kwamba watu wasisome. Taifa lisilo na watafiti wake litaendelea kuazima majibu ya watu wengine kwa maswali yasiyo yao. Ninachosema ni kwamba swali litangulie fomu. Mwenye swali na aende, na wakuu wa kazi wampe ruhusa bila kinyongo na wamtumie akirudi. Asiye nalo anatafuta kilemba cha ukoka, nacho hunyauka kabla ya jua kutua.

Fomu yangu ingali katika mtoto wa meza. Siku nitakapoweza kulijaza lile pengo bila kalamu kusita, nitaipeleka.