Treni, basi au gari la kibinafsi? Mtihani wa familia msimu wa likizo

KILA mwaka shule zinapofungwa na msimu wa Krismasi kubisha hodi, familia nyingi za Kenya huanza kuhesabu siku, kisha huhesabu pesa. Zikishakubaliana kuhusu mahali pa kwenda, hubaki swali ambalo huamua iwapo likizo itakuwa ya raha au ya majuto: zitafikaje huko?

Kwa miaka mingi serikali na wadau wa utalii wamekuwa wakiwahimiza wananchi watembelee nchi yao wenyewe. Wito huo ulipazwa zaidi baada ya janga la corona la mwaka wa 2020 kuwazuia watalii wa kigeni na kuziacha hoteli za Pwani zikimtegemea Mkenya wa kawaida. Matangazo huonyesha fuo nyeupe, ndovu wa Tsavo na machweo ya Ziwa Victoria. Kisichoonyeshwa ni safari yenyewe.

Ukweli ni kwamba usafiri wa likizo humu nchini hutegemea mahali msafiri anakoelekea kama unavyotegemea uzito wa mfuko wake. Anayetoka Nairobi kwenda Mombasa ana njia nne: treni, basi, ndege na gari lake. Anayeelekea Kakamega, Busia au Migori, na ambaye hamiliki gari wala hawezi kugharimia ndege, hubaki na barabara peke yake.

Tuanze na huyo wa Mombasa, kwa kuwa ndiye mwenye bahati.

Juni 2017 treni ya Madaraka Express ilianza kubeba abiria kwenye reli ya kisasa yenye urefu wa takriban kilomita 472. Safari ambayo kwa treni ya zamani ilimeza usiku mzima, na mara nyingine kumkuta abiria bado njiani jua likiwa utosini, sasa huchukua saa tano hadi sita. Nauli ya daraja la kawaida ilianza kwa Sh700, ikapanda hadi Sh1,000, na tangu Januari 1, 2024 imekuwa Sh1,500. Daraja la kwanza lilitoka Sh3,000 hadi Sh4,500 siku hiyo hiyo. Shirika la Reli lilitaja gharama ya mafuta kuwa sababu, jambo linaloeleweka kwa kuwa treni hiyo hutumia dizeli.

Hata baada ya nyongeza hiyo, hesabu bado yaipendelea treni. Mtoto wa kati ya miaka mitatu na kumi na mmoja hulipa nusu. Baba, mama na watoto watatu wa umri huo hulipa Sh5,250 kufika Mombasa. Gari dogo linalokwenda kilomita 12 kwa lita moja litahitaji takriban lita 40 kwa safari hiyo. Lita ikiuzwa kwa Sh180, ni Sh7,200, na hapo dereva hajanunua hata chupa ya maji kule Mtito Andei.

Lakini bei iliyo kwenye tiketi si bei ya safari. Kituo cha Nairobi kiko Syokimau, nacho cha Mombasa kiko Miritini, mbali na hoteli na mbali na Mji wa Kale. Abiria hutakiwa kufika mapema ili mizigo ikaguliwe. Anayeishi Kikuyu au Kahawa hulazimika kuingia kwanza katikati ya jiji, kisha apande treni ya mjini au matatu hadi Syokimau. Anayechukua treni ya alasiri huteremka Miritini usiku, akiwa na watoto waliolala na masanduku mkononi, na madereva wa teksi hawahitaji kuambiwa kwamba hana pengine pa kukimbilia.

Wenye kuelekea Diani wamepata nafuu. Barabara ya Dongo Kundu huunganisha eneo la Miritini na Kwale bila kupitia kisiwani wala kivuko cha Likoni. Aliyewahi kupanga foleni Likoni siku ya Boxing Day akiwa na mtoto anayelia atafahamu thamani ya barabara hiyo.

Treni ya asubuhi nayo ina faida ambayo wengi huisahau. Husimama Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi na vituo vingine vidogo, hivyo kwamba anayetaka kuona wanyama wa Tsavo Mashariki aweza kuteremka Voi na kukodi gari huko, badala ya kulipia gari la watalii kutoka Nairobi.

Tatizo kuu ni nafasi. Tiketi za Desemba hununuliwa kwa simu wiki kadhaa kabla ya safari, na anayekumbuka dakika ya mwisho hukuta mabehewa yamejaa. Wanaokosa hurudi kwa mabasi. Haimaanishi kwamba basi ni duni kwa kila hali. Basi humchukua abiria katikati ya jiji na kumteremsha Mwembe Tayari, hupokea mizigo ambayo treni ingeikataa, na huondoka saa nyingi tofauti za siku. Kwa mtu mmoja mwenye begi moja anayekwenda kulala kwa shangazi yake Majengo, basi laweza kuwa chaguo la busara kuliko treni.

Gari la kibinafsi huwavutia wengi kwa sababu moja ambayo haimo kwenye hesabu ya mafuta: likifika, linabaki. Familia huweza kwenda ufuoni asubuhi, Haller Park alasiri na kurudi bila kubembelezana na teksi. Gharama yake ya kweli ni uchovu wa dereva. Barabara ya Mombasa hutumiwa na malori mengi yanayotoka bandarini, na sehemu kubwa ya safari ni kusubiri nafasi ya kuyapita. Mzazi aliyefanya kazi hadi Ijumaa jioni, akapakia gari usiku na kuondoka saa tisa alfajiri ili akwepe msongamano, amekwepa msongamano na kujitia katika hatari iliyo kubwa zaidi.

Ndege huchukua muda usiozidi saa moja, na ushindani uliozidi tangu Jambojet ianzishwe mwaka wa 2014 uliwawezesha watu wa tabaka la kati kuipanda. Hata hivyo, bei yake hupanda kadiri viti vinavyopungua, na Desemba viti hupungua haraka. Kwa anayekwenda Lamu ni suala jingine. Njia ya nchi kavu hupitia eneo ambalo limeshuhudia mashambulizi tangu yale ya Mpeketoni mwaka wa 2014, na msafiri humalizia Mokowe kwa kupanda boti. Mwenye uwezo huona heri atue Manda.

Sasa tugeukie upande wa pili wa nchi, ambako ndiko waendako Wakenya wengi zaidi Desemba. Kwao likizo si hoteli wala ufuo. Ni nyumbani kwa wazazi, ni kuku aliyetengwa kwa ajili ya wageni, ni mazishi yaliyoahirishwa na harusi iliyosubiri ndugu wote wakutane.

Reli iliyojengwa na Waingereza ilifika Kisumu mwaka wa 1901. Reli ya kisasa, iliyojengwa zaidi ya karne moja baadaye, ilikomea Suswa mwaka wa 2019. Treni ya kale ya Kisumu ilifufuliwa Desemba 2021, lakini ikawa ya safari moja kwa wiki na mwendo wa usiku kucha. Wapenzi wa treni waliifurahia. Haikuweza kupunguza umati ulioko vituo vya magari vya Nairobi juma la Krismasi. Mwaka wa 2025 serikali ilitangaza kwamba reli ya kisasa itaendelezwa hadi Kisumu na Malaba, na Novemba mwaka huo ikazindua upanuzi wa barabara ya Nairobi, Nakuru na Mau Summit. Hadi kazi hizo zikamilike, mamia kwa maelfu ya wasafiri watapitia barabara ile ile yenye majina yanayotisha: Kikopey, Salgaa, Sachangwan, Migaa.

Huko nauli ya Desemba huweza kufika maradufu ya ile ya kawaida. Abiria hulalama kwamba wamefanywa mateka, nao wenye magari wana jibu ambalo si la kupuuzwa. Gari hujaa likienda Kisumu tarehe 23 na kurudi Nairobi likiwa karibu tupu. Kwa hiyo, abiria wa kwenda hulipia viti vya kurudi. Hakuna asasi ya serikali inayopanga nauli za matatu nchini. Soko ndilo hupanga, na soko la Desemba lina mnunuzi ambaye lazima afike nyumbani kabla ya Krismasi.

Kilicho kibaya zaidi kuliko bei ni jambo ambalo bei hiyo huchochea. Dereva anayeweza kulipwa maradufu kwa kila safari ya kwenda ana sababu ya kurudi mbio ili aende tena. Nairobi hadi Kisumu ni takriban kilomita 350, na kwa matatu huchukua saa sita au saba barabara ikiwa wazi. Sheria ya Trafiki yakataza dereva wa gari la abiria kuendesha zaidi ya saa nane katika muda wa saa 24. Mwenye kwenda na kurudi siku moja amekwisha kuivunja kabla ya kufika Naivasha. Abiria hujali usukani, magurudumu na idadi ya watu waliobebwa. Ni wachache mno wanaouliza dereva ametoka wapi leo na lini alilala.

Si kwamba sheria hazipo. Februari 2004, marehemu John Michuki akiwa Waziri wa Uchukuzi, matatu zililazimishwa kuwa na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama na idadi maalumu ya abiria. Kwa muda nchi iliona ajabu: kondakta akimkataa abiria kwa sababu gari limejaa. Nidhamu hiyo ilififia polepole. Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka wa 2012, ilileta leseni maalumu za kusafiri usiku.

Kisha ikafika Desemba 31, 2017. Basi na lori viligongana Migaa kabla ya mapambazuko, watu 36 wakafa. Baada ya ajali hiyo serikali ilipiga marufuku safari za usiku za magari ya masafa marefu. Marufuku hayo yaliondolewa baadaye, na Oktoba 10, 2018 basi lililotoka Nairobi kuelekea Kakamega lilibingirika Fort Ternan alfajiri na kuua zaidi ya watu 50. Maafisa walieleza baadaye kwamba halikuwa na leseni ya kusafiri usiku. Lilikuwa limepita kilomita na vizuizi vya polisi usiku kucha.

Takwimu za NTSA zaonyesha kwamba waliokufa barabarani walikuwa zaidi ya 4,300 mwaka wa 2023, na zaidi ya 4,700 mwaka wa 2024. Wengi wao ni watembea kwa miguu na waendeshaji bodaboda, si abiria wa mabasi ya likizo, na ni vyema hilo likumbukwe kabla ya kumtwika dereva wa basi lawama zote. Hata hivyo, kila Desemba maafisa husimama barabarani, huonekana kwenye runinga, na Januari huondoka.

Msafiri wa magharibi asiye na njia nyingine bado ana mambo machache aliyo na uwezo nayo. Aweza kusafiri mchana badala ya usiku. Aweza kuondoka tarehe 18 au 19 badala ya 23, wakati nauli haijapaa na dereva hajachoka. Aweza kukata tiketi kwenye ofisi ya kampuni au chama cha akiba kinachojulikana kwa njia hiyo, badala ya kumfuata kijana anayevuta watu mkono kando ya barabara. Magari ya mjini, yaliyozoea Umoja na Kawangware, huonekana kwenye njia za masafa marefu msimu huo, na madereva wake hawaijui kona ya Londiani wala ukungu wa Timboroa.

Ushauri huo una kasoro moja. Mfanyakazi wa kiwandani au wa nyumbani haamui atafunga kazi lini. Akipewa ruhusa na mshahara tarehe 23 jioni, ataondoka tarehe 23 usiku, kwa gari litakalokuwepo na kwa nauli itakayotajwa. Waajiri wanaotoa mshahara wa Desemba mapema huwaongezea wafanyakazi wao usalama bila gharama yoyote, na lipo jambo la kujiuliza kwa nini suala hilo halitajwi kamwe katika mikutano ya usalama barabarani.

Januari mambo hugeuka. Magari hutoka Nairobi yakiwa matupu na kurudi yamejaa, nauli hupanda upande wa pili, na vituo vya Kakamega, Kisii na Busia hufurika wazazi na watoto waliobeba sare mpya na magunia ya mahindi. Wakati huo karo inasubiri, pesa za likizo zimekwisha, na basi la usiku ndilo pekee litakalomfikisha mzazi kazini Jumatatu asubuhi.